SOMO LA UFUNDI: PLAGI ZA GARI KUUKUU

Chama chenye Land Rover Series III ya petroli, lililoundwa kati ya 1971 na 1985, kisidhani kwamba kila plagi iingiayo tunduni inafaa. Mambo matatu hukaguliwa.

Kwanza, urefu wa hesi: plagi ndefu mno huweza kugongwa na pistoni.

Pili, joto: plagi itunzayo joto kupita kiasi huweza kuunguza pistoni gari lipandapo na mzigo kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga, ipoayo upesi mno hushika masizi.

Tatu, mwanya: injini ya lita 2.25 huhitaji milimita 0.75 hadi 0.80.

Katibu aandike namba ya plagi sahihi katika daftari la gari. Plagi nne ni gharama ndogo. Injini ikifa, kahawa ya wanachama hubaki ghalani.