SOMO LA AFYA: MIGUU YA MTOTO INAPOPINDA



Huenda umemwona mtoto wa jirani ambaye magoti yake yanaachana anaposimama, au yanagongana anapotembea. Watu husema amerogwa, au mama yake alimsimamisha mapema mno. Wengine humfunga vijiti miguuni. Usifanye hivyo. Ugonjwa huu ni matege, na chanzo chake ni mifupa kukosa madini.

Ufikirie mfupa kama ghala. Ndani yake mwili huweka madini ya kalsiamu, ambayo huufanya mfupa uwe mgumu. (Usidhani ni chokaa ya ukutani, wala ule udongo wanaokula akina mama wajawazito!) Damu nayo inahitaji kalsiamu kila saa ili moyo na misuli vifanye kazi. Shingoni tuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, zinazolinda kalsiamu ya damu. Chakula kisipoleta ya kutosha, tezi hizo hutoa homoni inayoamuru ghala lifunguliwe. Damu inasalimika, mfupa unalipa. Ndiyo maana katika hospitali kubwa magonjwa haya huwa na daktari wa homoni.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mtaalamu Mwingereza Harriette Chick alifanya kazi Vienna, kati ya watoto wenye njaa. Yeye na wenzake walionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki huponya matege, na jua pia huponya. Jua huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, nayo huusaidia utumbo kufyonza kalsiamu.

Utauliza: kwetu jua limejaa, matege yanatoka wapi? Wengine hawalioni. Mtoto mchanga hufunikwa nguo ndani ya hema mchana kutwa, na maziwa ya mama, ingawa ni bora kuliko yote, yana vitamini D kidogo. Lakini kuna sababu nyingine. Mwaka 1999 matokeo ya utafiti wa watoto 123 wenye matege nchini Nigeria yalitolewa. Baada ya wiki 24, waliopewa kalsiamu walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Jua walikuwa nalo. Chakula chao ndicho kilichopungua.

Mama, tunajua mgao ni mahindi na maharage, na fungu la dagaa sokoni lina bei. Hata hivyo, ukipata senti kidogo, nunua dagaa, wale ambao wengine mnawaita ndagala. Usiwatoe mifupa wala vichwa, maana kalsiamu imo humo. Wakaushe, watwange, utie kijiko kimoja katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, kwa sababu nafaka na maharage vina kitu kinachoizuia kalsiamu isifyonzwe. Mchicha ni mboga nzuri, lakini kalsiamu yake haitoki kirahisi. Kwa jambo hili sukuma wiki ni bora.

Mtoe mtoto nje kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi. Mwenye ualbino asiwekwe juani, muulize mganga.

Usiogope kila mguu uliopinda. Kabla ya miaka miwili miguu ya watoto wengi hupinda kidogo, kisha hunyooka yenyewe. Dalili za kukupeleka zahanati ni hizi: kifundo cha mkono kimevimba, mtoto analia akishikwa miguu, amechelewa kutembea, au miguu inazidi kupinda. Mpeleke angali mdogo, kwa maana mifupa inayokua hunyooka kwa dawa, na ikichelewa huenda ikahitaji kupasuliwa. Usinunue vidonge vya vitamini D sokoni. Vikizidi huharibu figo.

Bibi naye asisahauliwe. Mwanamke akikoma hedhi, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yake hupungua, na mifupa huwa myepesi. Akianguka njiani kwenda bombani na nyonga ikauma, asikandwe. Alazwe juu ya machela, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.