Zoesha Miche ya Hoho Kabla ya Kuihamishia Kitalu Nyumba

Kipindi hiki cha baridi, vijana wengi huku Nyanda za Juu Kusini mnaotesha hoho kwenye trei ndani ya nyumba. Mnafanya vizuri, maana mbegu ya hoho inataka joto la nyuzi 25 hadi 30 ili iote haraka. Shida inaanza siku ya kuitoa miche.

Somo hili nililipata kwa hasara. Nikiwa bado mgeni kazini, nilimshauri kijana mmoja atoe miche chumbani aipande siku hiyo hiyo. Nilijua kitalu kimeezekwa nailoni, basi miche iko salama. Tulipanda asubuhi, saa 7 mchana majani yote yamelala. Baada ya siku chache yakatoka mabaka meupe kama karatasi. Mbegu chotara ya hoho ni ghali, na hasara ilikuwa yake, ushauri ulikuwa wangu.

Nilichosahau ni hiki: chumbani mwanga ni hafifu na upepo hakuna, kwa hiyo jani linakuwa laini na shina jembamba. Kitalu nyumba kikifungwa, mchana joto linaweza kupita nyuzi 35 hata kama asubuhi ulivaa koti. Mche unapoteza maji kuliko mizizi inavyovuta.

Siku hizi nafuata ratiba ya siku 10:

Siku ya 1 na 2: Weka trei juu ya meza, chini ya neti ya kivuli, saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Fungua pazia za pembeni hewa ipite. Kisha rudisha ndani.

Siku ya 3 hadi 5: Ongeza saa mbili kila siku, bado chini ya neti.

Siku ya 6 hadi 8: Ondoa neti asubuhi na jioni. Irudishe saa 6 hadi saa 9 mchana.

Siku ya 9 na 10: Acha miche kutwa nzima bila neti. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13, rudisha trei ndani. Hoho na baridi haviivi chungu kimoja.

Kuhusu maji, wengi wanakosea hapa. Kuzoesha mche si kuutesa kwa kiu. Subiri udongo wa juu ukauke kidogo, halafu mwagilia kabla majani hayajalegea. Mche uliodumaa kwa kiu unachelewa sana kuchangamka. Punguza pia mbolea ya naitrojeni, inazidisha ulaini.

Utajuaje mche uko tayari? Una majani halisi 4 hadi 6, shina limekakamaa, na saa 8 mchana majani bado yamesimama. Hapo panda jioni, mwagilia, na upate usiku mzima wa kupumzika.

Ukiona mabaka meupe, usikimbilie dawa ya ukungu. Huenda ni jua tu. Rudisha neti, angalia majani mapya. Yakitoka safi, mche umepona.

Yule kijana alirudia msimu uliofuata kwa ratiba hii, na miche ikashika. Mimi nilikuwepo kila siku ya zile 10, maana deni lilikuwa langu.