Amana ya Kalamu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad:

Ndugu zangu, mwaka 1932 marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliwakemea watu wake mwenyewe, na kila mtu alijua ni nani asemaye; asiyeridhika aliujua mlango wa kubisha. Leo kila mwenye simu ana gazeti mkononi, lakini wengi wetu twatawanya khabari tusizomjua mwenyewe.

Mimi nami nilianguka katika kosa hilo. Hapa Makadara ilinijia khabari kwamba mwuza nyama mmoja huuza nyama isiyochinjwa kisharia. Nikawapelekea wanafunzi wa darsa, nikaongeza, "Jihadharini." Siku ya tatu ikabainika kuwa ni uzushi. Nilikwenda dukani kumtaka radhi, akaniambia: "Nimekusamehe, sheikh. Lakini wewe umekuja peke yako, na neno lako limekwenda kwa watu wote."

Tangu siku hiyo nimejilazimisha mambo manne.

Kwanza, nisiandike khabari ila niliyoithibitisha, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Maulamaa wa Hadithi hawakutosheka na uzuri wa maneno; waliuliza yamepokewa kwa nani.

Pili, nikemee kitendo, nisimvunjie mtu heshima. Aya ya 12 ya sura hiyo imefananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Nami niliyewaonya watu na nyama ya haramu, ndiyo hiyo niliyoila.

Tatu, niandikalo niliwekee jina langu.

Nne, nikikosea nisahihishe pale pale, mbele ya wale wale walionisoma. Dhulma iliyotangazwa haiondoki kwa radhi ya faragha.

Huenda mtu akasema: "Tukingoja kuthibitisha, uovu utaenea." Jawabu yake imo katika Suratun Nisaa, aya ya 83: khabari nzito hupelekwa kwa wawezao kuichunguza, haitangazwi. Lau ningalikwenda kumwuliza mchinjaji, ingalinitosha asubuhi moja.

Ewe ndugu yangu, kabla ya kuipeleka khabari, jiulize: je, waweza kuisoma kwa sauti mbele ya huyo unayemwandika, na kesho mbele ya Mola wako?

Wabillahi tawfiq.