Vidonda vya Kinywani, VVU na Saumu

Kila Ramadhani ikikaribia, swali hurudi katika darasa letu la fiqhi: mgonjwa mwenye vidonda kinywani afunge au asifunge? Mara nyingi jibu hutoka kabla muulizaji hajamaliza kusema. Mimi naona tuanze na kidonda chenyewe.

Wengi wetu tumewahi kupata kidonda cha mdomoni kikapona ndani ya wiki moja au mbili. Kwa anayeishi na VVU, hasa CD4 zake zikiwa zimeshuka, kidonda kama hicho kinaweza kuzidi sentimita 1, kikachimba, kikakaa wiki kadhaa, kisha kikarudi. Hata uji humezwa kwa machozi. Mtu hukonda, na vidonge vya ARV navyo huanza kumshinda. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Utando mweupe wa fangasi una dawa yake, na malengelenge ya hepesi yana yake. Vidonda hivi vinavyojirudia haviponi kwa dawa hizo, ndiyo maana lazima daktari avitazame. Msingi ni ARV; juu yake hutolewa steroidi ya kupaka au kusukutua, na ganzi ya kutuliza maumivu. Vikikaidi, ipo thalidomaidi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1997, wagonjwa 16 kati ya 29 waliomeza dawa hiyo walipona kabisa kwa wiki 4; kati ya 28 waliopewa vidonge visivyo na dawa, walipona 2 tu. Lakini ni dawa hiyo hiyo iliyofanya maelfu ya watoto wazaliwe bila viungo kamili mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Mjamzito haigusi kabisa.

Sasa fiqhi. Al-Baqara, aya ya 184 na 185, zinamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Asiyeweza kumeza ni mgonjwa, na hana deni la kumweleza yeyote bwenini hali yake ya VVU. Aliyepata nafuu anaweza, kwa ushauri wa kliniki, kumeza ARV za mara moja kwa siku wakati wa futari au daku. Kusukutua dawa mchana na kuitema yote hakubatilishi saumu, kama tunavyosukutua katika udhu. Ya kupaka huchanganyika na mate ikashuka kooni, basi naona ipakwe usiku. Anayelazimika kuipaka mchana, huyo tayari yumo katika ruhusa.

Wabillahi tawfiq.