Mvua za Kwanza: Shamba Letu au Kibarua?

Novemba ikifika mwishoni, mawingu hukusanyika juu ya milima ya Mufindi. Hapo sisi wa Mgololo huitwa na kazi mbili kwa mpigo. Mvua inayootesha mahindi ndiyo inayoshikisha miche ya miti ardhini. Kibarua cha kupanda miti nacho huanza siku hizo hizo.

Mwaka mmoja tulikwenda kibarua wote nyumbani, baba, mama na vijana. Mahindi tulipanda haraka haraka, kwa kukisia macho tu. Palizi tukasema tutafanya Jumapili. Jumapili ikanyesha, na ya pili ikanyesha. Tuliporudi shambani magugu yalifika magotini, mahindi membamba, ya njano. Fedha ya kibarua tuliipata, sawa. Lakini baada ya mavuno tulianza kununua unga mapema mno.

Siku hizi mmoja tu huenda kibarua. Wengine hubaki shambani mpaka palizi ya kwanza iishe.

Hebu tupige hesabu. Chukua daftari. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, karibu mita 64 kila upande, yaani sentimita 6,400. Mstari hadi mstari tunaacha sentimita 75. Gawanya 6,400 kwa 75, unapata mistari 85. Shimo hadi shimo ni sentimita 60, kwa hiyo kila mstari una mashimo 106. Mara 85, ni mashimo 9,010. Kila shimo mbegu mbili: mahindi 18,000 na kidogo. Basi funga vifundo kwenye kamba kila sentimita 60, watoto washike ncha.

Mbolea ya kupandia, DAP, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha ekari hiyo. Gramu 50,000 ukizigawa kwa mashimo 9,010 ni gramu tano na nusu, karibu kizibo kimoja cha soda. Ifukie kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Ikigusana na mbegu huiunguza.

Sasa palizi. Andika tarehe mahindi yalipochomoza. Hesabu siku 14, ingia na jembe, zisipite 21. Mmea mchanga hauwezi kugombania chakula na magugu, na mbolea uliyonunua watakula wenyewe hao magugu. Ndiyo maana mbolea ya kukuzia huwekwa baada ya kupalilia, siyo kabla.

Ukipalilia, chungulia katikati ya majani. Tangu mwaka 2017 nchini kwetu yupo kiwavijeshi vamizi. Akiwamo utaona majani yametobolewa, na kinyesi chake kama unga wa mbao, ambao hapa kwetu kila mtu anaujua. Ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani. Akiwa bado mdogo mponde kwa vidole, na siku hiyo hiyo mwite bwana shamba.