Aya ya Kiarabu ndani ya Word

Katika tasnifu ninazosaidia kupanga, aya ya Qur'ani mara nyingi husukumwa kulia kwa Ctrl+R tu. Hapo mstari umeegemea kulia, lakini mwelekeo wake bado ni wa kushoto kwenda kulia, na namba ya aya huweza kurukia mwanzoni. Kwa msomaji wa Kiarabu hilo ni jambo zito.

Irejeshe kwa Ctrl+L, kisha bonyeza kitufe cha mwelekeo wa kulia kwenda kushoto, karibu na vitufe vya mpangilio. (Hakionekani? Ongeza Kiarabu kwenye lugha za Word.) Vialama vya rula navyo vitageuka: mstari wa kwanza utapimwa kutoka kulia. Tafsiri iwekwe katika paragrafu yake. Mwisho linganisha na msahafu, herufi kwa herufi.