Ajali za Malori na Matela Yadini: Kinga na Haki ya Fidia

Katika yadi za makasha jijini Dar es Salaam malori huenda polepole, na mwendo huo huwahadaa wengi. Hatari kubwa hujificha katika kuunganisha kichwa cha lori na tela. Tela iliyoachwa peke yake huzuiwa na breki zinazojifunga upepo unapokatika. Mpira mwekundu wa upepo unapochomekwa, breki hizo hufunguka. Ikiwa breki ya mkono ya kichwa haikufungwa, gari zima laweza kuondoka na kumbana aliyesimama katikati.

Kwa hiyo tunawahimiza wafanyakazi wa yadini:

1. Fungeni breki ya mkono na kuzima injini kabla ya kushuka.
2. Wekeni kabari kwenye magurudumu ya tela.
3. Msisimame ubavuni mwa tela inayokata kona. Magurudumu yake ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, na dereva hawaoni.

Ajali ikitokea, mjulisheni mwajiri mara moja. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inataka taarifa itolewe ndani ya miezi 12. Mwajiri pekee ndiye huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mshahara haukatwi. Wala majeruhi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri ili alipwe.

Tunawasihi msifiche jeraha kwa hofu ya kupoteza kazi. Jeraha lisiloandikwa leo ni vigumu kulidai kesho.